Regina Spektor, albamu ya Songs: piano na sauti tu

Jamani kama Regina Spektor, yule mwimbaji na mpiga piano, mnamjua kwa wimbo wa Fidelity tu, ule uliompa jina 2006, bado hamjamsikia vizuri, rudini nyuma mpaka 2002 kwenye albamu inaitwa Songs. Hapo hakuwa na lebo, alitoa mwenyewe na kuuza mwenyewe kwenye shoo zake New York, na ndo albamu yake ya pili baada ya ile inaitwa 11:11 ambayo nayo ilikuwa ya kujitegemea hivohivo.

Sasa kilichonimaliza ni hiki, albamu nzima imerekodiwa siku moja tu, Krismasi ya 2001, kila wimbo teki moja, yaani anaimba mara moja tu bila kurudia. Hakuna ngoma, hakuna gitaa, hakuna waitikiaji, ni yeye na piano nyimbo 12. Na ukisikiliza unaamini kabisa, maana pumzi unaisikia, sauti ikikwaruza inaachwa ikwaruze, na akitaka kupunguza mwendo katikati ya mstari anapunguza tu kwa sababu hakuna biti ya kumkimbiza.

Samson ndo inafungua na kwangu mimi ndo roho ya albamu. Ni Samsoni wetu huyuhuyu wa Waamuzi, ila anayesimulia ni mwanamke aliyempenda wa kwanza, anamkata nywele usiku kisha wanarudi zao kulala, hakuna nguzo zilizoangushwa, na Biblia yenyewe haikuwataja. Mimi napiga kinanda kanisani na hiyo stori nimeihubiriwa tangu sandei skuli lakini sikuwahi kumwonea Samsoni huruma kama siku niliyousikia huu wimbo. Aliurudia kwenye albamu ya 2006, umesafishwa, umeongezwa mwendo kidogo, ni mzuri sikatai, ila huu wa Songs ni wa polepole, unamwacha mtu na huzuni yake, piano inashuka taratibu na anapofika kwenye kumkumbuka jamaa sauti inakuwa ndogo mpaka unasogeza sikio.

Halafu kuna Lacrimosa. Anaimba kwamba tunazika watu wetu, tunaipanda mifupa yao ardhini lakini haioti, jua halisaidii, mvua haisaidii. Yaani aliyewahi kuzika mtu wake huo mstari utamkaa siku nyingi.

Marafiki niliowarushia wamegawanyika. Mmoja kasema mbona kama demo, yaani rekodi ya majaribio, prodyuza alikuwa wapi? Mwingine, huyu anaimba alto kwaya yetu, kaniambia hakuweza kufanya kitu kingine mpaka ikaisha, akaanza upya. Nawaelewa wote wawili ila niko na wa alto. Huyu wa demo amezoea muziki uliojazwa kila kona, na hapa ukimya kati ya noti na noti ni sehemu ya wimbo.

Na mkono wake wa piano si wa kubahatisha. Kazaliwa Moscow, kasoma piano ya klasiki tangu mdogo, familia ikahama 1989 akiwa na miaka 9 na piano yao ikabaki huko, wakafika Bronx akawa anafanyia mazoezi kwenye piano aliyoikuta chumba cha chini cha sinagogi. Ndo maana hata akifanya fujo na sauti, anakata neno vipandevipande au anaongea harakaharaka kama kwenye wimbo wa Consequence of Sounds, vidole haviyumbi. Ne Me Quitte Pas nayo ina kiitikio cha Kifaransa lakini ni wimbo wake kabisa, mchangamfu, niliusikia mara moja ukanikaa kichwani wiki nzima.

Si zote nazipenda. Reading Time with Pickle mimi huwa naruka, na ukisikiliza albamu yote kwa mpigo huko katikati utachoka kidogo kwa sababu sauti ya kinanda ni ileile, hakuna cha kukubadilishia ladha.

Naipa 9 kwa 10. Tafuta hedifoni nzuri, spika ya simu itakunyima nusu ya vitu, anza na Samson, nenda Lacrimosa, Oedipus iache mpaka umezoea sauti yake, na maneno yafuate kabisa kwa sababu Kiingereza chake kinapita haraka mno. Mkishasikiliza niambieni mko upande wa Samson ipi.