Kinga ya uvungu wa gari la umeme: ukiwa Mtwara ununue ipi?

Gari la umeme hubeba betri sakafuni. Mali yenyewe iko chini ya miguu ya abiria, na uvungu wa gari kama Nissan Leaf ni kama sentimita 15 au 16 tu. Lipeleke kwenye barabara ya vumbi ya vijijini Tandahimba baada ya mvua, pale malori yalipochimba mifereji miwili na kuacha mgongo katikati. Tairi hupita mfereji, tumbo hupita juu ya mgongo.

Namba moja naipa bamba la alumini la milimita 4, lililokatwa kwa kipimo cha gari lako. Sababu kubwa ni bahari. Hewa ya chumvi ya Shangani na Mikindani hula chuma bila huruma, ilhali alumini hujifunika utando wake yenyewe. Halafu uzito: mita moja ya mraba ya bamba hilo ni kilo 11 hivi, wakati chuma cha milimita 3 hupita kilo 23. Mahali alumini inapogusana na chuma cha gari, fundi aweke washa (vipete bapa vya boliti) za plastiki. Vikilowa pamoja maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini.

Kabla hujalipa, uliza linafungwa wapi. Lishike kwenye fremu, kwa matundu ya boliti ya kiwandani. Fundi akitaka kutoboa kasha la betri, ondoa gari lako. Mle ndani mna zaidi ya volti 300. Na betri ya Leaf za vizazi viwili vya kwanza haipozwi kwa maji, joto lake hutoka kupitia kasha, kwa hiyo bamba lisilibane: liache nafasi ya hewa, na liwe na matundu ya kutolea maji na tope.

Namba mbili ni plastiki ngumu nene. Ni nyepesi, haishiki kutu, na kwa anayezunguka mjini au kwenda Lindi kwa lami inatosha kabisa. Jiwe lenye ncha huipasua.

Chuma cha gereji naweka cha tatu. Ni rahisi kupatikana na kinastahimili kipigo, lakini kinataka rangi ya kuzuia kutu pande zote mbili na kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara. Kichomelewe kikiwa chini, kamwe si kikiwa garini.

Spesa za springi, yaani vipande vinavyowekwa kwenye springi kunyanyua gari sentimita 2 au 3, husaidia kwenye matuta. Jiwe hazizuii, na baada yake lazima upime alaimenti (mnyooko wa magurudumu). Rangi ya lami ni ya kuzuia kutu tu, na usikubali ipakwe kwenye kasha la betri.

Ukigonga kwa nguvu, fungua bamba uangalie, kwani huficha bonde lililoingia kwenye kasha. Ukisikia harufu kali au ukaona moshi, shusheni watu, mkae mbali, na gari lisilale karibu na nyumba.