Kingamwili ya kuziba ICAM-1, kloni YN1/1.7.4: kichupa safi, wakala wa kusukumwa

Najua wengi mnaosoma hapa mna fomu ya oda mezani, kwa hiyo alama kwanza: kichupa nyota nne, wakala aliyetuletea nyota mbili. Na hizo mbili amezipata kwa ajili ya dada wa mapokezi, ambaye angalau hupokea simu.

Tulinunua kingamwili ya kuziba ICAM-1 ya panya mdogo, miligramu 5, ile ya kumdunga mnyama aliye hai. Maabara yetu iko hapa Nairobi na kazi yetu ni mapafu. Panya anatiwa puani endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria) ya E. coli, mapafu yanavimba, nasi tunaangalia ni nini kinapunguza madhara. ICAM-1 ni protini inayokaa kwenye ukuta wa ndani wa mshipa wa damu. Chembe nyeupe, hasa nyutrofili, huishika kwa integrini zake (protini za kushikia), LFA-1 na Mac-1, kisha hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa. Zikishafika huko humwaga vimeng'enya vinavyoua bakteria na kuunguza pafu lenyewe. Ukiiziba ICAM-1, nyutrofili hukosa pa kushika.

Sasa sikilizeni hapa kwenye "ya kumdunga mnyama aliye hai", maana ndipo pesa za watu hupotea. Kloni hiyohiyo (kingamwili ileile kutoka ukoo mmoja wa seli) huuzwa pia kwa kazi ya kutia seli rangi, kwa bei ya chini zaidi, na mara nyingi huwekwa sodiamu azidi ili isiharibike. Azidi ni sumu kwa mnyama. Kuna pia endotoksini inayoweza kubaki kichupani tangu kiwandani. Mradi wako ni uvimbe unaoletwa na endotoksini, halafu dawa unayodunga nayo inayo: unazuia kwa mkono huu, unachochea kwa mkono ule, na majibu yako hayaelezeki.

Wakala alianza kwa kututumia bei ya ile ya rangi. "Ni kitu kilekile, daktari," akaniambia. (Mimi si daktari, ni fundi wa maabara, na si kitu kilekile.) Nikamwambia hatulipi senti mpaka nione cheti cha uchambuzi cha toleo hilohilo tunaloletewa. Alizunguka weee. Mara mtu wa mauzo yuko Mombasa, mara barua pepe imekwama. Kilipofika kilikuwa sawa: hakuna azidi, endotoksini chini ya yuniti 2 kwa miligramu. Bei ikapanda kupita Sh60,000 pamoja na usafirishaji. Tukalipa.

Mzigo ukatua uwanja wa ndege wa JKIA Ijumaa, na wakala hakuwa ametayarisha karatasi za kuutoa. Ukalala huko wikendi nzima. Jumatatu ukaletwa na kijana wa boda, boksi la stairofomu likiwa limekumbatiwa kifuani kama mtoto, naye akanipa maagizo: "Mathe, wamesema isiinamishwe." Yeye ndiye aliyefanya kazi yake vizuri kuliko wote. Jeli za barafu zilikuwa zimeyeyuka lakini baridi ilikuwepo, kipimajoto kikasoma nyuzi 9. Lebo inasema 2 hadi 8. Nikaandika kwenye daftari, nikapiga picha, nikaigawa dawa kwenye vichupa vidogo na kuiweka kwenye friji. Kwenye friza isikaribie.

Je, inafanya kazi? Inafanya. Tuliosha mapafu kwa maji ya chumvi, tukazungusha tone juu ya kioo na kulipaka rangi ya Giemsa. Kioo cha panya ambaye hakupewa kingamwili kilijaa nyutrofili, viini vyake vimekatika vipandevipande, zimebanana hata huoni kitu kingine. Kwenye kioo cha aliyedungwa kingamwili, makrofaji (chembe zinazomeza taka) zilionekana tena, zile kubwa zenye povu, na nyutrofili zimetawanyika huku na kule. Protini iliyovuja kwenye maji ya kuoshea pia ilishuka, ingawa si sana kama nilivyotarajia.

Msitegemee sifuri. Kapilari za pafu nyingi ni nyembamba kuliko nyutrofili yenyewe, kwa hiyo chembe hujikunja na kukwama humo hata bila gundi yoyote. Kinachochochea uvimbe pia ni muhimu. Tangu 1990 inajulikana kutokana na sungura kwamba ukiziba CD18, kipande kilichomo kwenye LFA-1 na Mac-1 zote mbili, nyutrofili hushindwa kuingia kwenye pafu lililopewa endotoksini ya E. coli, lakini kwa Streptococcus pneumoniae (nyumokoka) zinapita tu. Kama mradi wako ni nimonia ya nyumokoka, fikiria mara mbili kabla ya kumwaga bajeti hapa.

Na kwa yule binamu yangu mwenye pumu aliyeuliza kama naweza kumwekea matone mawili: hapana, kaka. Hii imetengenezwa kwa panya mkubwa ili ishike ICAM-1 ya panya mdogo. Hata za binadamu si za kuchezea. Efalizumab, iliyoziba LFA-1 kwa wagonjwa wa soriasi (ugonjwa wa ngozi), iliidhinishwa Marekani 2003 na kuondolewa sokoni 2009 baada ya baadhi yao kupata maambukizi mabaya ya ubongo. Chembe nyeupe zikizuiwa kutembea, virusi vilivyolala huamka.

Nyota moja ya kichupa nimeikata kwa ujazo: miligramu 5 huisha haraka ukiwa na makundi kadhaa ya panya, na toleo linalofuata lazima ulipime upya. Agizeni pia kidhibiti chake cha kulinganishia, kingamwili ya aina ileile (IgG2b) ya panya mkubwa isiyolenga chochote, isiyo na azidi, kwenye oda hiyohiyo. Wakala wetu "alisahau" kuiweka, sasa anataka tulipie usafiri mara ya pili. Bado tunabishana.