Kigoma na Ujiji kwa mgeni wa siku mbili: ule wapi, ununue nini, utazame nini

Kabla hujakata tiketi ya Kigoma, tazama mwezi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawashwa juu ya maji, dagaa wanaufuata mwanga, wavu unainuliwa kutoka chini yao. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa ya mvuvi haina kazi, na mitumbwi mingi hulala nchi kavu siku kadhaa nyavu zikishonwa. Mgeni anayefika siku hizo anakuta Kibirizi, mwalo wanakoshushia samaki, imepoa, dagaa wa juzi wanauzwa kwa bei ya leo, na mama lishe anapunguza mkono kwenye sahani. Afike siku za giza, ataukuta mji mwingine kabisa.

Kuna na kalenda ya serikali. Mwaka 2024 uvuvi kwenye ziwa hili ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana. Kwa hiyo anayepanga safari ya katikati ya mwaka aulize kwanza kama ziwa limefunguliwa, vinginevyo atakula nyama ya ng'ombe ambayo angeipata hata Shinyanga.

Siku ya kwanza ianzie mwalo wa Kibirizi, kaskazini kidogo ya mjini, kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi. Bodaboda yoyote inapajua. Baada ya saa 3 samaki wazuri wameshachukuliwa na wachuuzi wa soko la Mwanga na wenye mahoteli, na kinachobaki ni kile ambacho wenyeji wamekipita. Vaa ndala au viatu visivyoogopa maji. Wanawake wanaoanika dagaa waombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Wengi watakubali, ila hawapendi kuvamiwa wakiwa kazini.

Dagaa ndio sababu ya nusu ya mizigo inayotoka Kigoma, na ndipo wageni wengi wanapopigwa. Muuzaji atakuonyesha kilele cha sado, yaani kopo la kupimia. Wewe ingiza mkono hadi chini, maana chini ndiko vumbi na vichwa vilivyovunjika vinakokaa. Toa mmoja umkunje. Aliyekauka sawasawa anang'aa rangi ya fedha na anakatika kwa mlio. Akijikunja tu bila kukatika, bado ana maji, na ukimfunga kwenye mfuko wa plastiki ataota ukungu kabla hujafika Tabora. Tumbo likiwa la manjano, mafuta yake yameshachacha kwa kukaa siku nyingi juani na hewani, na hayo ndiyo yanayoleta ule ukali unaokwaruza koo hata baada ya kupika. Sugua wachache katikati ya viganja kisha fungua mikono. Ukiona mchanga, walianikwa chini ufukweni. Wa vichanja vya nyavu huacha magamba tu. Mwisho tafuna mmoja mkavu. Uchungu kidogo wa kichwani si kasoro, ukali wa kooni ndio kasoro.

Hapo kwenye kipimo kuna ujanja mmoja wa kukumbuka. Dagaa waliokauka ni wepesi, kwa hiyo kilo moja inakuwa na wengi. Wakiwa na unyevu, kilo ileile inakuwa na wachache na maji juu yake. Ukiona muuzaji anang'ang'ania mizani na dagaa wake wanakunjika kama kamba, hamia meza ya pili. Miezi ya mvua, takribani Novemba hadi Aprili, tatizo hili ni kubwa zaidi, maana jua ni la kubahatisha na mzigo usiokauka siku ya kwanza huanza kuharibika. Wakati huo rangi ya kahawia na harufu nzito ni dalili ya dagaa walionyeshewa mvua wakaanikwa upya. Afadhali ununue kidogo, au usinunue.

Tuje kwenye kula. Hapa hakuna jina la mgahawa litakalotajwa, kwa sababu Kigoma ubora unafuata mpishi, na mpishi huhama kibao kikabaki. Mahali pa kutafuta ni vibanda vya mama lishe kuzunguka soko la Mwanga, vya karibu na stesheni ya reli, na vya Ujiji. Nenda kati ya saa 6 na saa 7 mchana. Saa 9 utapewa kilichobaki kikiwa kimepashwa.

Kabla ya kukaa, chungulia sufuria. Sahani ya Kigoma inasimama juu ya mawese, na mawese hayafichi uzembe. Yakipashwa vizuri hadi harufu ya ubichi ikatoka, mchuzi unabaki na wekundu wa machungwa na vitunguu vinaonekana vimelainika ndani yake. Mpishi akiyaacha motoni hadi yafuke moshi mzito, wekundu unapauka na mchuzi unakuwa na ladha ya kuungua ambayo hata ndimu haiiondoi. Asipoyapasha vya kutosha, utasikia harufu ya chikichi mbichi inakaa mdomoni hadi jioni. Mchuzi mwekundu unaong'aa, dagaa wazima wasiosagika: hapo vuta benchi.

Agiza ugali wa muhogo. Unga wake hutokana na muhogo uliovundikwa au kulowekwa siku kadhaa, na kazi ya kuloweka ni kutoa sumu iliyomo kwenye muhogo mchungu. Ugali mzuri unavutika, una harufu ya uchachu wa mbali na hauna uchungu. Ukisikia uchungu, acha. Siyo mazoea ya kienyeji hayo, ni muhogo ulioandaliwa kwa haraka. Asiyeuzoea aombe uliochanganywa na unga wa mahindi. Wapishi wengi wanao na hakuna atakayemcheka, labda kidogo.

Kwa samaki wakubwa, migebuka ndiye wa kila siku. Ni mwembamba, ana mafuta, mtamu akichomwa au akikaangwa siku hiyohiyo. Mtazame kabla hajaingia kikaangoni. Jicho liwe limetuna, shavu la ndani jekundu, na tumbo lisiwe limepasuka, maana tumbo ndilo linalooza mwanzo. Kuhe ni daraja la juu. Anapatikana Ziwa Tanganyika peke yake, na katika ukoo wa sato na perege yumo kati ya wakubwa kabisa duniani. Nyama yake ni nyeupe, imeshikana, ina miiba michache, kwa hiyo anafaa kwa mchuzi na kwa watoto. Uliza kama ni wa leo. Kuhe wa friji utamjua kwa nyama inayomeguka na kutoa maji ukigusa kwa kidole. Hoteli za kando ya ziwa wanamkaanga vizuri, ila humo unalipia pia mandhari, na kusubiri saa nzima si jambo la ajabu. Piga simu uagize mapema.

Usiondoke bila sombe, ambacho pengine unakijua kwa jina la kisamvu, kikiwa kimetwangwa na kuungwa kwa mawese. Kilichoiva ni kijani kilichokolea na hakina nyuzi. Chenye kijani cha kung'aa bado hakijachemka vya kutosha, tumbo litakuambia.

Mchana wa siku ya kwanza nenda Ujiji. Daladala kutoka mjini kupitia Mwanga zipo muda wote, na umbali haufiki kilomita 10. Ujiji ni mzee kuliko Kigoma. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika hapa Februari 1858 wakaukuta tayari ni mji wa biashara ya Waarabu na Waswahili, mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora. Pembe za ndovu na watu waliofanywa watumwa walivushwa kutoka ng'ambo ya ziwa na kupita hapa. Miembe mikubwa utakayoiona ni ya njia hiyo.

Makumbusho ya Dk. Livingstone yapo hapohapo Ujiji, mahali mwandishi wa habari Stanley alipomkuta Livingstone, mmisionari na mpelelezi aliyekuwa akitafutwa, tarehe 10 Novemba 1871, kwa hesabu ya Stanley mwenyewe. Tuseme ukweli: ukienda kwa ajili ya vitu vilivyomo ndani, dakika 20 zitatosha na utatoka umenuna. Kuna sanamu mbili za wazungu wenye ukubwa wa mtu wakivuliana kofia, picha za kuchora, maelezo ukutani, na nje kuna mnara wa kumbukumbu na miembe inayosemekana ni uzao wa ule wa mkutano. Kinacholipa kiingilio ni maelezo ya mwongozaji, na hayo yanategemea utakavyouliza. Ukinyamaza utapewa hadithi ya wazungu wawili. Uliza juu ya wapagazi, juu ya Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, juu ya soko la watumwa na njia ya kwenda Bagamoyo, na mazungumzo yatakuwa ya saa nzima. Njia hiyo ya misafara iliingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Anayerudi kwa treni anaweza kuunganisha na tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ambako Stanley na Livingstone walikaa mwaka 1872 kabla ya kuagana. Ukiona vyote viwili, kila kimoja kinaeleweka zaidi.

Kutoka makumbusho teremka ufukweni kwa miguu. Huko wanaunda boti za mbao kwa mikono, na kwa maoni yetu ndicho kitu bora cha kutazama Ujiji, tena hakina tiketi. Angalia fundi anavyotia kalafati: pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta inagongwa kwa patasi butu kwenye kila ufa kati ya mbao, nyundo ndogondogo, mpaka ufa ujae. Ikiwekwa kidogo boti inavuja, ikigongwa kupita kiasi ubao unaachia misumari. Mafundi wanajibu maswali. Ukitaka kukaa muda mrefu, nunua soda za watu wote waliopo.

Maji ya Kibirizi na ya Ujiji si ya kuogelea, kuna mashine za boti na taka za mwalo. Kwa kuogelea nenda Jakobsen, upande wa Katonga, ufukwe wa binafsi wenye kiingilio na maji unayoweza kuona mawe chini.

Mjini kwenyewe, barabara ya Lumumba inashuka hadi stesheni ya Wajerumani. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na jengo bado linatumika. Bandarini jirani ndiko nyumbani kwa MV Liemba, meli kongwe ya abiria. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa na kuletwa vipandevipande hadi hapa, ikashushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe isitekwe, ila kwanza walipaka mashine zake grisi nene. Ndiyo maana Waingereza walipoiibua mwaka 1924 ilitengenezeka, ikarudi kazini 1927. Siku za karibuni imekaa muda mrefu kwenye matengenezo, kwa hiyo usipange safari ya kusini kwa kuitegemea kabla ya kuuliza ofisi ya meli.

Gombe, hifadhi ya sokwe kaskazini ya mji, inataka siku yake nzima. Boti za abiria hutoka Kibirizi mchana na huchukua saa kadhaa, Jumapili usizitegemee, na ukienda nazo utalala hukohuko. Kukodi boti ni ghali, kunafaa mkiwa kundi. Mtanzania hulipa kiingilio cha chini sana kuliko mgeni wa nje, mradi awe na kitambulisho, na malipo ya hifadhi si ya noti mkononi. Sokwe hawana miadi. Wapo wanaopanda vilima vile alikoanzia kazi mtafiti wa sokwe Jane Goodall mwaka 1960 wakarudi wameona nyani tu.

Manunuzi mengine yaache siku ya pili. Vitenge vipo vingi Mwanga na mjini, na vinavyosifiwa ni vya kutoka Kongo. Geuza upande wa pili: kitenge cha nta halisi kina rangi karibu sawa pande zote, cha kuchapwa juu tu kinapauka nyuma. Kunjua pisi upime yadi 6 mbele ya muuzaji, maana zipo zinazopungua. Chumvi ya Uvinza, iliyokuwa ikiuzwa karne nyingi kabla ya reli, ni nafuu na haiharibiki njiani. Kahawa ya vilima vya Kalinzi na Manyovu ni nzuri, chukua iliyokaangwa karibuni.

Mawese ndiyo ya mwisho kununua na ya kwanza kuharibu begi. Chukua ya msimu huu, yenye harufu tamu na isiyochacha ukiilamba. Tia vijiko viwili kwenye sufuria yenye moto: yakirukaruka na kutoa mlio mrefu, yamechanganywa na maji. Jaza dumu la lita 5 na uache nafasi ya vidole vitatu juu, kwa sababu joto la buti huyatanua na mfuniko unasukumwa. Weka nailoni chini ya mfuniko, kaza, kisha lilaze kifudifudi juu ya gazeti usiku kucha. Gazeti likilowa, badilisha dumu, si mfuniko. Yakiganda ukifika mahali pa baridi hayajaharibika, yaweke juani tu. Dagaa wapakie kwenye gunia la kupitisha hewa, mbali na mawese, na andika jina kwenye kila mzigo. Kitambulisho kikae mfukoni, si kwenye begi lililo buti, maana Uhamiaji hukagua mabasi ya Kigoma njiani na basi halitasubiri upekue.