Mafundi wa Gerezani wameniondolea breki ya mashine ya kufulia wakaita matengenezo

Jamani, kama una mashine ya kufulia ya zamani, ile ya mapipa mawili, na upande wa kukamulia umegoma kuzunguka, soma hapa kwanza kabla hujaipakia kwenye guta kuipeleka Gerezani, pale Kariakoo, Dar es Salaam. Duka silitaji jina. Ni kimojawapo cha vile vibanda vya mafundi wa vifaa vya umeme, na waliomo humo wanajijua.

Mashine yangu ni National. Wa rika langu wanaijua National ya redio na betri. Matsushita, waliokuwa wakiitengeneza, walijibadilisha jina wakawa Panasonic mwaka 2008, kwa hiyo ukiikuta yenye jina la National ujue ni ya enzi. Aliinunua marehemu mama, na hapa Tabata imefua mashuka, sare za shule na madera ya nyumba nzima. Masika yalipokaribia, upande wa kukamulia ukaanza kuvuma tu. Unafunika, unazungusha taimeri, mota inaunguruma, pipa limetulia tuli. Ukiiacha kidogo inakuja harufu ya kuungua, unakimbilia kuzima.

Fundi hakufungua hata bati la nyuma. Aliichomeka, akasikiliza, akachomoa. "Mota imeungua hii, mama. Inasukwa upya." Nikamuuliza amejuaje bila kufungua. Akacheka na mwenzake, akasema kazi hii ameianza zamani. Shilingi 60,000 ya kusuka mota, yaani kuizungushia waya mpya wa shaba, 15,000 ya mpira wa chini ya pipa uliokuwa unavujisha maji. Nikatoa advansi. Baada ya hapo ikawa njoo kesho, njoo Ijumaa, aliyekwenda kufuata waya wa shaba hajarudi, umeme umekatika. Hayo yote niliyavumilia, ndiyo maisha ya Kariakoo, na kama yangeishia hapo nisingeandika neno.

Siku ya kuichukua, akaiwasha mbele yangu bila nguo. Pipa likazunguka vizuri kabisa. Nilifurahi kweli, nikamalizia hela yote na dogo aliyenisaidia kupakia nikampa ya soda. Kijana yule ana adabu zake, shikamoo mwanzo mwisho, sina neno naye.

Nyumbani nikafua khanga na nguo za watoto, nikahamishia upande wa pili, nikafunika. Ikakamua. Nikafunua mfuniko kabla taimeri haijaisha, kama ambavyo mtu yeyote mwenye mashine hizi hufanya, kwa sababu ukifunua tu, umeme unakata na breki inakamata, pipa linasimama ndani ya sekunde chache. Safari hii halikusimama. Umeme ulikata, lakini pipa likaendelea kuzunguka kama feni iliyozimwa swichi, nguo zimejibana ukutani huoni hata rangi. Mpwa wangu mdogo alikuwa pembeni anasubiri sketi yake, na mkono ulishaingia. Nilimdaka kifundo cha mkono vidole vikiwa juu ya ukingo wa pipa.

Nawaomba mnielewe. Pipa lile linazunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika. Nguo yenye maji ikikunasa mkono haikwaruzi, inausokota. Ndiyo maana waliounda mashine waliweka breki pale.

Nikampigia fundi wa Gerezani. Nimeshaongea na mafundi wengi mjini hapa, wakorofi na waungwana, lakini jibu hili sijawahi kulisikia: "Mama, si inazunguka? Uliileta haizunguki, sasa inazunguka." Nikamwambia haisimami, mtoto nusura aumie. "Subiri itasimama yenyewe." Nikamwambia kuna breki. "Mashine ya kizee hiyo, ungeshukuru." Akakata simu. Ungeshukuru! Mpaka leo nikiwa naosha vyombo neno hilo linanirudia na mikono inanitetemeka.

Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja wa Ilala, fundi wa majokofu na mashine, akaja nyumbani na kimkoba chake. Yeye alianza kwa kuchomoa waya ukutani. Kisha akatumbukiza mkono kwenye pipa akalizungusha polepole, huku ameinamisha kichwa anasikiliza. Akafungua bati la nyuma, akaipigia kapasita, kile kikopo kinachotunza umeme wa kuisaidia mota kuanza, shoti kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki ili umeme uliobaki ndani umalizike, ndipo akaingiza tochi. "Njoo uone, binti yangu."

Juu ya mota kuna gurudumu, na ubavuni mwake mkono wa breki wenye springi. Ukifunua mfuniko, springi inaubana mkono ule kwenye gurudumu. Ukifunika, kuna waya unaovuta mkono, breki inaachia, pipa liko huru. Sasa mkono ule ulikuwa umevutwa nyuma na kufungwa kwa kipande cha baindingi waya, kile cha kufungia nondo za zege, kimesokotwa kwa plaizi mizunguko kadhaa na ncha imekunjwa kwa ndani. Springi haikuwepo kabisa.

Mzee akanieleza kilichokuwa kimetokea tangu mwanzo. Waya wa breki ulikuwa umelegea kwa uzee, hauvuti vya kutosha, kwa hiyo hata ukifunika, breki inabaki imebana. Mota inasukuma, breki inakataa, ndiyo kuvuma na harufu. Dawa yake ni kuukaza waya kwenye ndoano yake. Ukitaka kujua mwenyewe, chomoa umeme, funika, halafu inua mfuniko kidogo mno, kiasi cha kupenyeza vidole viwili, ujaribu kulisogeza pipa. Likiwa gumu, ulizia breki na bushi, kile kipande kinachoshikilia mhimili wa pipa. Likizunguka kirahisi na mota bado inavuma, ulizia kapasita kwanza kabla mtu hajakutajia kusuka.

Mpaka hapo nilikuwa nimepanga kumpa yule wa Gerezani nyota mbili. Nilijiambia labda ni haraka, labda alimwachia kijana asiyejua. Lakini aliyeing'oa springi na kuusokota ule waya kwa ustadi vile alijua fika anafunga nini. Basi nyota moja, kwa ajili ya mpira, maana mpira aliuweka, tena vizuri, hakuna tone linalodondoka sakafuni.

Halafu mzee akamulika mota yenyewe. Nyuzi zimefungwa kwa uzi wa kiwandani, vanishi ya kahawia imekauka juu yake na vumbi la miaka limegandia humo. Mota iliyosukwa juzi haiwi na vumbi la namna ile. "Hii haijaguswa," akasema. Haijaguswa! Nimelipia shaba ambayo haikununuliwa. Hata ile nyota moja naifuta.

Mzee alikaza waya, akatafuta springi kwenye kimkoba chake, akafunua na kufunika mara nyingi mpaka akaridhika. Ukifunua mfuniko, pipa linasimama ndani ya sekunde chache kama zamani. Alitaka 20,000 pamoja na nauli, nikamwongezea akakataa, akakubali chai tu.

Yule wa Gerezani nimemtumia picha ya baindingi waya na picha ya mota. Tiki mbili za bluu, jibu hakuna. Nataka 60,000 yangu. Ile 15,000 ya mpira abaki nayo, aliifanyia kazi.