Ngomeni kwa mwalimu wa Historia anayeitamani kazi ya makumbusho

Tathmini hii ya Fort Jesus, ngome ya kale ya Wareno iliyo sasa makumbusho, au Ngomeni kama inavyoitwa mjini Mombasa, haimlengi mtalii. Inamlenga mwalimu wa Historia anayepeleka wanafunzi, na hasa yule ambaye moyo wake umeshaanza kuhamia upande wa makumbusho. Hapa atajipima mapema kama kazi hiyo anaiweza.

Kama darasa, Ngomeni inastahili alama za juu sana, ila usiwasimamishe wanafunzi 60 uani wamsikilize mwongozaji mmoja. Ua uko wazi, kufikia saa nne jua limeshakuwa kali, upepo wa bahari unachukua maneno, na walio nyuma hawaambulii kitu. Fika mapema mlango ukifunguliwa. Wagawe makundi manne ya watoto 15, kila kundi na mtu mzima wake, na kila moja lianzie mahali pake: ukumbi wa maonyesho, Nyumba ya Waomani, njia ya ngazi inayoshuka upande wa bahari, na penye mizinga. Dakika 25 kila kituo, kisha wabadilishane. Ukiongeza muda wa maji na choo, saa mbili na nusu zinatosha. Waandike kwa penseli. Wino ukigusa chokaa ya kale, kuutoa ni kuibandua chokaa yenyewe.

Kosa linaloharibu ziara nyingi ni karatasi ya maswali inayouliza miaka. Ukiuliza miaka, watoto watakimbilia vibao, wanakili 1593, ujenzi ulipoanza, na 1698, Waomani walipoiteka, na kitu chenyewe kilicho mbele yao hawatakitazama hata kidogo. Chagua kitu kimoja na uwape maswali matatu: unaona nini, kimetengenezwa kwa nini, kimefikaje hapa?

Chukua mtungi uliotolewa kwenye mabaki ya Santo António de Taná. Meli hiyo ya Wareno ilitoka Goa kuja kuwanusuru wenzao waliozingirwa na Waomani, ikazama mbele ya ngome hiyohiyo mwaka 1697. Wanaakiolojia waliichimba chini ya maji kuanzia 1977 hadi 1980. Mwache mwanafunzi autazame mtungi dakika tano nzima kabla hujasema neno: unene wa mdomo, masikio ya kupitishia kamba, mahali udongo ulipopauka. Atauliza mwenyewe ulibeba nini. Hapo ndipo unapomweleza mzingiro wa Machi 1696 hadi Desemba 1698, njaa na maradhi ndani ya kuta, na kwa nini mtungi kutoka ng'ambo ya bahari ulikuwa na thamani ya uhai. Mada ya uhusiano wa Afrika Mashariki na ulimwengu wa nje imeshafundishwa, na hujagusa ubao.

Mwalimu anayeweza hilo ana nusu ya kazi ya afisa wa elimu wa makumbusho. Anajua kupanga somo na kumudu umati. Nusu ya pili chuo cha ualimu hakimpi. James Kirkman, msimamizi wa kwanza wa makumbusho haya, alikuja kutoka uchimbaji wa magofu ya mji wa kale wa Gedi, na ngome ilikuwa imetoka tu kuwa jela, kazi iliyoifanya kuanzia 1895 hadi 1958. Uongozi wa makumbusho ulizaliwa mikononi mwa wanaakiolojia, kwa hiyo mwalimu lazima ajifunze lugha yao.

Aanze na rejesta. Kila kitu kina namba yake, asili yake, vipimo vyake na maelezo ya hali yake: nyufa ziko wapi, kutu imefika wapi. Kitu kisicho na rekodi kikipotea hakuna awezaye kuthibitisha kwamba kilikuwepo.

Kisha chumvi. Hili ndilo somo kubwa la pwani. Kitu kilichotoka baharini hulowekwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yanabadilishwa na kubadilishwa kwa miezi, mpaka chumvi itoke; kikikaushwa haraka, chumvi huganda kama fuwele ndani yake na kukipasua. Kuta nazo zina adui huyohuyo. Jiwe la matumbawe na chokaa hupumua, unyevu huingia na kutoka. Ukilipaka saruji, unyevu hunaswa nyuma yake, chumvi hurundikana, na jiwe huanza kumung'unyika kuwa unga huku juu panaonekana pazuri. Kiongozi asiyelijua hili ataidhinisha mifuko kumi ya saruji kwa nia njema kabisa na kuuharibu ukuta uliodumu miaka 400.

Bajeti, watumishi na ripoti? Mwalimu aliyewahi kuwa mkuu wa idara hatapata shida kubwa.

Njia ya kuingia ni kujitolea wakati wa likizo za shule, na omba upewe kazi ya rejesta, hata kama kuongoza wageni kunapendeza zaidi. Mwezi mmoja wa kupima, kupiga picha na kujaza hali ya vitu hukufundisha kutazama. Baada ya hapo andika programu ya kitu kimoja katika ukurasa mmoja: rika la wanafunzi, muda, maswali, vifaa, gharama. Ijaribu na madarasa matatu, na pembeni uandike swali gani lilikufa na lipi liliwaamsha. Hiyo ndiyo karatasi ya kubeba siku ya usaili, pamoja na vyeti.