Tepu ya michirizi iliyonyooka au ya msokoto?

Tepu ni kifaa cha kukatia hesi, yaani mizunguko ya skrubu, ndani ya tundu, na hizi mbili hukata hesi ileile. Zinachotofautiana ni pale chenga, yaani vipande vya chuma kinachokatwa, zinapokwenda. Ya michirizi iliyonyooka huziacha chenga humohumo kwenye michirizi, yaani mifereji ya ubavuni mwa tepu, ndiyo maana ukikata kwa mkono unasonga mbele nusu mzunguko, kisha unarudi nyuma kidogo ili zivunjike. Kwenye chuma cha kusubu, ambacho chenga zake ni fupifupi kama unga, haina tatizo, na mwili wake ni imara.

Ya msokoto huzivuta chenga juu, zikachomoza mdomoni mwa tundu kama nywele zilizojikunja. Kwa tundu lisilotokeza upande wa pili, hasa la alumini au chuma laini, mimi sichukui nyingine. Niliwahi kulazimisha iliyonyooka kwenye tundu la namna hiyo: chenga zilijazana chini, mpini ukawa mzito, tepu ikakatikia ndani. Kuichokonoa kulinimalizia siku nzima. Ila ya msokoto ni dhaifu zaidi; ukiiinamisha kidogo tu, imevunjika.

Kwa M8, yaani hesi ya kipenyo cha milimita 8, yenye hatua (umbali kati ya mizunguko ya hesi) ya milimita 1.25, toboa kwanza kwa keekee ya milimita 6.8, na mafuta yasikosekane.