Tathmini ya MEC 600 Jr. ya zamani: mashine ya kujazia risasi za marisau niliyoinunua vipande vipande

Mashine kuukuu ya kujazia upya maganda ya risasi za marisau, yaani risasi zenye vidonge vingi vidogo, haifai kulipiwa kabla haijatambuliwa. Hapa Marekani nyingi huuzwa baada ya mwenyewe kufariki au kuacha kulenga shabaha, na warithi huzitia katika sanduku moja pamoja na vipuri vya mashine nyingine zisizohusiana nazo kabisa. Yangu niliipata katika hali hiyo, kwa chini ya nusu ya bei ya mpya, na baada ya kuiunganisha na kuitumia msimu mzima wa kulenga sahani za udongo naweza kusema kwamba thamani ya fedha yangu niliipata, ila kwa masharti nitakayoyaeleza.

Muuzaji aliiita Pacific, jina la kampuni nyingine ya mashine hizi, na kwa kuwa karatasi ya jina ilikuwa imebanduka, hapakuwa na cha kumkanusha ila umbo lenyewe. Mashine za Ponsness-Warren, za Rathdrum katika jimbo la Idaho, huliweka ganda la risasi ndani ya kalibu ya chuma tangu mwanzo wa kazi hadi mwisho. Pacific DL-366, iliyokuja kuuzwa baadaye kwa jina la Hornady 366, ina sahani ya duara inayobeba maganda kadhaa kwa pamoja. Yangu ilikuwa na nguzo moja wima, kichwa kinachoshushwa kwa mkono mrefu, na vituo vitano ambavyo ganda huhamishwa kwa vidole kutoka kimoja hadi kingine. Juu kabisa palikuwa na nafasi ya chupa mbili zinazopinduliwa, moja ya baruti na nyingine ya marisau, juu ya upau unaosukumwa kushoto na kulia. Hata hivyo Pacific nao walitengeneza mashine za kuhamisha ganda kwa mkono, kama vile DL-105 na DL-155, kwa hiyo umbo la jumla halikutosha. Kilichomaliza ubishi ni kulinganisha upau na kichwa, kipande kwa kipande, na michoro ya vipuri inayotolewa na MEC, yaani Mayville Engineering Company, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1945 katika mji wa Mayville, Wisconsin. Jina likishajulikana, kazi iliyobaki ni ya spana na brashi, kwa sababu 600 Jr. ingali inatengenezwa na vipuri vyake vinapatikana bila kusaka sana. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa kuliko zote.

Hatari haikuwa katika kutu, bali katika bushi. Kiasi cha baruti kinachodondoka hupangwa na bushi ndogo ya chuma yenye tundu, inayoingia ndani ya upau na kuchongwa namba ubavuni. Mtu huisoma namba, huitafuta katika jedwali la kampuni, na hujua takriban uzito wa kila aina ya baruti utakaoshuka. Sanduku langu lilikuwa na bushi za kampuni mbili zilizochanganywa, na kila kampuni ina jedwali lake. Anayeingiza bushi ya huku akasoma jedwali la kule anaweza kuzidisha baruti bila dalili yoyote ya nje, kwani ganda litafungika vizuri kama mengine yote. Nilizitenga zile ambazo asili yake haikuthibitika, nikazitupa, kisha nikapima kila mdondoko kwa mizani. Jambo hili ningelisisitiza hata kwa mwenye mashine mpya: jedwali ni makadirio tu, na kinachodondoka hasa hutegemea pia mtikisiko wa meza na uzito wa mkono wa anayesukuma upau.

Kuunganisha kwenyewe kulikwenda kwa utulivu. Nguzo hukazwa kwanza kwenye kitako, kisha kichwa na mkono, kisha kalibu za kila kituo, na upau huja mwisho baada ya kuhakikisha kwamba kichwa kinapanda na kushuka bila kukwama. Kipande kilichonichukulia muda zaidi ni bomba la kituo cha tatu. Bomba hilo hilo hupitisha baruti, husukuma kizibo cha plastiki hadi kikae juu ya baruti, kisha hupitisha marisau; likifungwa juu au chini kidogo ya mahali pake, kizibo hukaa vibaya na mdomo wa ganda hukataa kujikunja sawasawa. Vidole vya plastiki vinavyokielekeza kizibo vilikuwa vimepasuka, nikavibadilisha. Chupa nazo nilinunua mpya, kwa kuwa za zamani zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Baadhi ya baruti hushambulia plastiki, na ndiyo maana baruti hurudishwa katika kopo lake kila kazi inapokwisha.

Kipande kingine cha kuangaliwa ni kile kinachoanzisha mkunjo katika kituo cha nne. MEC hukiuza cha pembe sita na cha pembe nane, na kinachotakiwa ni kile kinacholingana na mikunjo iliyomo tayari katika ganda. Maganda ya Winchester AA, yaliyoingia sokoni mwaka 1965, yana mikunjo minane. Ukiyatia katika kipande cha pembe sita, mdomo hufunga kama ua lililokanyagwa na marisau huvuja mfukoni.

Kuhusu utendaji, 600 Jr. hufanya kazi polepole, ganda moja kwa wakati mmoja, na fataki, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, huwekwa kwa mkono. Anayepiga mamia ya risasi kila wiki atachoka mapema na afadhali anunue ile inayozunguka, kama Grabber au 9000 za kampuni hiyo hiyo. Kwangu mimi upole huo ni faida, maana kila hatua huonekana kwa macho: baruti imeshuka au haikushuka, kizibo kimenyooka au kimelala. Katika risasi ya geji 12 (kipimo cha upana wa mtutu) yenye wakia 1 na 1/8 ya marisau, yaani gramu 32 hivi, risasi zake hufunga bapa na kupita katika bunduki bila kusumbua.

Sheria ya shirikisho ya Marekani haimdai leseni anayejaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe, ingawa anayezijaza kwa kuuza huhitaji leseni. Msomaji aliyeko Tanzania au Kenya asichukue uhuru huo kuwa wake, kwani huko kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Tena, tathmini hii inahusu marisau ya risasi nyeusi pekee, yaani yaliyotengenezwa kwa madini ya risasi (lead). Tangu mwaka 1991 Marekani yote imepiga marufuku marisau hayo katika uwindaji wa bata na bata bukini, na marisau ya chuma yanayotumika badala yake yana vizibo na vipimo vyake tofauti. Kwa kazi hiyo MEC wana mashine nyingine, Steelmaster, na mwindaji wa bata aitafute hiyo tangu mwanzo.